Ufunguo wa Stoo ya Mizigo

Kwa miezi saba mdogo wake alimganda kama ruba. Akipiga simu asubuhi, habari ni stesheni. Akipita jioni kuleta suruali ipunguzwe kiuno, habari ni stesheni. "Dada, tumeezeka paa upya. Dada, tumepata injini, inatembea kabisa. Dada, unakuja lini?" Na yeye, mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, hakukosa udhuru: sare za shule hazijaisha, gauni la bibi harusi linangoja, mguu unauma. Mguu haukuwa unauma.

Pale stesheni ndipo walipokulia wote wawili. Baba yao alikuwa stesheni masta kwa miaka ishirini na miwili, enzi ambazo treni ilipita mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, ikasimama dakika arobaini injini ijazwe maji, kisha ikaenda zake. Baadaye reli mpya ilipitishwa kwingine, stesheni ikafungwa, popo wakahamia. Mdogo wake alipostaafu ualimu mkuu hakujua mikono yake aiweke wapi, basi akakusanya wastaafu wenzake, wakaunda kamati, wakang'oa magugu, wakapaka rangi. Sasa wageni walikuja kila Jumamosi kupiga picha na kupanda behewa moja la mbao. Mtaani aliendelea kuitwa Mwalimu Mkuu. Huko stesheni walimwita Mwenyekiti, na hilo ndilo alilolipenda.

Alipokuja kusema kwamba wanazindua picha kubwa ya baba, na kwamba wa kuvuta kitambaa ni mtoto wa kwanza na si mwingine, udhuru ukamwishia Mama Cherehani. Akachukua mkoba, akapanda gari la mdogo wake, akakaa kiti cha nyuma karibu na wifi yake, na njia nzima hakufungua mdomo.

Stesheni ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, na safi kuliko ilivyowahi kuwa. Ofisi ya tiketi ilikuwa na kidirisha chake kilekile cha chuma. Chumba cha kusubiria kilikuwa na benchi mbili ndefu zilizopakwa vanishi mpaka zikang'aa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Mdogo wake alisema fundi anakuja. Watu kama sitini walikuwa wameshafika, wengine na watoto wao, na wote walitaka kumshika mkono binti wa stesheni masta.

"Kwanza tunakwenda darajani na treni, tunarudi, ndipo tunazindua," mdogo wake alitangaza. "Saa moja na nusu tu. Dada, wewe kaa dirishani."

"Mimi sipandi."

"Dada!"

"Mguu," alisema Mama Cherehani.

Mdogo wake akacheka, akampa wifi mkoba wa dada yake amshikie, akapanda. Filimbi ikalia. Treni ikasogea, watoto wakipunga mikono, na jukwaa likabaki tupu. Alibaki yeye na mwongoza wageni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, aliyevaa fulana yenye picha ya injini kifuani.

"Shikamoo tena mama," alisema yule mwongozaji. "Wamekuacha na mimi. Nikutembeze? Najua umezaliwa hapa, lakini na mimi nataka kusikia kama ninayowaambia watu ni ya kweli."

Kukataa kungekuwa kumvunja moyo mtu asiye na kosa. Wakazunguka. Mwongozaji alikuwa hodari, habari zote alizijua kwa kichwa: mwaka jiwe la kwanza lilipowekwa, tani za pamba zilizopita, mashine ya telegramu na jinsi stesheni masta alivyosikiliza kila neno lililoingia na kutoka katika eneo lote lile. "Na katika miaka ishirini na miwili," alisema kwa sauti ya kazi, "hakuchelewesha treni hata moja, hata kwa dakika moja."

"Hiyo ni kweli," alisema Mama Cherehani.

"Basi njoo uone stoo. Wageni wanaipenda kuliko vyote."

Stoo ya mizigo ilikuwa mwisho wa jukwaa, chumba cha mawe chenye paa la bati na mlango wa chuma unaokaribia kimo cha watu wawili. Hakikuwa na dirisha. Juu kidogo ya goti la mtu mzima, ukutani kando ya mlango, palikuwa na matundu membamba ya kupitisha hewa ili magunia yasioze. Mwongozaji alivuta mlango, akaingia, akaanza kueleza juu ya mizani. Mama Cherehani alisimama kizingitini. Jasho jembamba lilikuwa limeshaanza kumtoka kwenye paji la uso, na jua halikuwa kali kiasi hicho.

"Ingia mama, uione. Jiwe la mizani ni lilelile!"

Aliweka mguu mmoja ndani. Akaweka wa pili. Upepo ukaja kutoka upande wa reli, mlango ukajivuta wenyewe taratibu kama mtu asiye na haraka, kisha ukagonga fremu, na kitasa kikasema *klak*.

Mwongozaji alicheka. Akausukuma mlango. Akausukuma tena kwa bega. Akapapasa chuma kutafuta mahali pa kushika, hapakuwa na mahali.

"Hakifunguki kwa ndani," alisema Mama Cherehani.

"Kitasa tumekirudisha wiki hii. Mwenyekiti alikikuta kwenye sanduku, akafurahi, akasema kila kitu kiwe kama zamani." Alijipapasa mifukoni. "Simu nimeiacha ofisini kwenye chaji. Ya kwako?"

"Iko kwenye mkoba. Mkoba uko kwenye treni."

Mwongozaji alianza kupiga mlango kwa viganja, akiita. Aliita mlinzi, ingawa alijua fika kwamba naye kapanda treni. Aliita mtu yeyote. Bati la juu lilikuwa limeshika moto, na chumba kilinuka rangi mpya na gunia la kale. Sauti yake ilianza kupanda, kisha pumzi ikawa fupi fupi, mkono kifuani.

"Kaa chini," Mama Cherehani alimwambia. "Kaa hapa karibu na matundu, weka pua hapa. Vuta. Usihesabu dakika, zinakuwa ndefu. Hivyo hivyo."

Walikaa sakafuni bega kwa bega. Kupitia matundu kiliingia kipande cha mwanga na kipande cha jukwaa: sementi, nguzo ya chuma, mguu wa benchi. Mama Cherehani alitazama ile nguzo. Kutoka pale alipokaa aliiona yote, tangu chini hadi usawa wa kichwa cha mtoto.

Hakuwahi kujua kwamba ukiwa ndani unaona nje.

"Mama," alisema mwongozaji baada ya muda, pumzi imemrudia, "mbona wewe hukushtuka?"

Angeweza kusema uzee. Angeweza kutania. Lakini ile nguzo ilikuwa mbele ya macho yake, na pale hapakuwa na cherehani ya kuinamia.

"Mama yangu alifungiwa humu," alisema. "Na ufunguo nilikuwa nao mimi."

Mwongozaji alimgeukia.

"Baba hakuwa mtu wa kupiga. Watu wakisikia habari kama hii wanadhani alikuwa anapiga. Alitushonea mpira wa vitambaa kwa mkono wake, alitufundisha kugonga majina yetu kwa alama za telegramu juu ya meza ya chakula. Lakini mama hakupanda treni. Watu wa nchi nzima walipita mlangoni kwake, aliwachotea maji, aliwashikia watoto wao wakikata tiketi, na yeye hakupanda. Alipokwenda kwao kumzaa huyu Mwalimu, alikaa miezi mitano, baba akamfuata mwenyewe kumrudisha. Tangu hapo, basi. Kila akiomba, baba anasema safari ijayo."

Alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Nilikuwa na miaka tisa. Jumanne moja gadi wa treni akateremka, akamwambia mama, pole na ugonjwa wa bibi kule kwenu. Mama akauliza, ugonjwa gani? Gadi akasema, si mmeletewa telegramu? Wiki nzima sasa. Unaelewa? Telegramu ilikuja kwa baba. Aliisikiliza kwa masikio yake, akaiandika kwa mkono wake, akaitia mfukoni."

"Makusudi?"

"Aliogopa atakwenda asirudi. Mimi nadhani aliogopa. Ijumaa mama akavaa nguo zake nzuri, akafunga kapu, akaja jukwaani kabla ya treni. Hakugombana. Baba alimwambia kuna kifurushi chake stoo, njoo ukitambue. Akaingia. Baba akafunga. Treni inapiga filimbi kule kwenye kona, yeye ana bendera za kushika, ana watu sitini wa tiketi, basi akaniita. Akanipa ufunguo. Akasema: simama kwenye nguzo ile, usimpe mtu, usifungue mpaka behewa la mwisho lipite."

Juu yao bati lilikuwa likialika kwa joto, tik, tik. Mwongozaji alikuwa ameshika mkono wa Mama Cherehani bila kujua.

"Dakika arobaini. Jukwaa limejaa watu, kelele, wauza ndizi, kuku. Mama angepiga ukelele mmoja tu stesheni nzima ingekuja. Hakupiga. Aliongea na mimi kwa sauti ya chini, hapa, kwenye matundu haya. Akaniuliza, mwanangu, una ufunguo? Nikasema ndiyo mama. Akasema, fungua basi. Nikasema, baba amekataa. Akanyamaza. Akauliza, ni mzito? Nikasema ndiyo. Maana ulikuwa mkubwa, wa chuma, nimeushika kwa mikono miwili. Akanyamaza tena. Halafu treni ikapiga filimbi ya kuondoka, nikamsikia anasema, haya, usiudondoshe."

Aligeuza uso kwenye matundu. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imefifia.

"Na mimi miaka yote nilidhani alikuwa gizani. Nilijipa moyo kwamba hakuniona. Nililia, nilifuta kamasi, nilitazama huku na huku nione kama baba ananiona nikitaka kufungua. Nilitaka kufungua. Nilisogea mlangoni, nikauweka ufunguo kwenye tundu la kitasa, nikautoa. Nikauweka, nikautoa. Na kumbe alikuwa ananiona."

Mwongozaji akasogeza pua yake kutoka kwenye matundu ili mwenzake apate hewa.

Wakakaa hivyo mpaka reli zikaanza kuvuma. Filimbi ikalia kwenye kona. Vishindo, vicheko, miguu ya watu, majina yao yakiitwa. Kisha ufunguo ukazunguka na mwanga ukawapiga usoni. Mdogo wake alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Jamani! Dada mmejipanga kama mizigo! Mnakwenda wapi, tuwaandikie risiti?"

Watu nyuma yake wakaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga picha. Mama Cherehani alitoka akiwa ameloa mgongo mzima, na kabla hajaomba hata maji, alishikwa mkono upande huu na upande huu, akapelekwa mbele ya kitambaa cha buluu, akapewa kamba. Mdogo wake alisoma hotuba. Nidhamu. Muda. Uaminifu. Hata dakika moja. Watu walikuwa wamemzunguka pande tatu, na upande wa nne ulikuwa picha.

Alivuta kamba. Baba akatokea, mrefu, kofia imenyooka, bendera kwapani, na watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikasukumwa mdomoni mwake. Aliona nyuso zote zinamngoja, akamwona mwongozaji nyuma kabisa, amesimama wima, hapigi makofi.

"Asanteni kwa kuja," alisema Mama Cherehani.

Wakapiga makofi tena, kwa nguvu zaidi, wakidhani ni machozi ya furaha.

Wageni walipokwenda kula, alimvuta mdogo wake ofisi ya tiketi akafunga mlango, akamweleza yote kama alivyomweleza mwongozaji. Mdogo wake alisikiliza akiwa amesimama, akizungusha pete kidoleni. Yeye siku ile alikuwa na miaka mitano. Alichokumbuka ni gadi kumpa pipi.

"Dada," alisema mwishoni, "ulikuwa mtoto. Watoto wanachanganya mambo. Pengine mama alikuwa anatafuta kitu mle, mlango ukajifunga, kama ninyi leo."

"Nilikuwa na ufunguo."

"Na baba hayupo kujitetea. Watu wale wamekula kiapo cha kujitolea kwa ajili ya jina lake. Unataka nitoke nikawaambie nini?"

Alifungua mlango, akatoka. Wakarudi nyumbani katika gari lilelile, kiti kilekile, wifi akiongea peke yake kuhusu hali ya hewa.

Zikapita wiki, ikapita miezi. Mdogo wake hakupiga simu, na suruali zake alizipeleka kwa fundi mwingine. Mama Cherehani aliziona zimetundikwa huko, zimepunguzwa vibaya. Alishona. Usingizi ulimruka alfajiri, akawa anaketi kwenye cherehani kabla jua halijatoka, na kila alipoinua macho aliona ukuta. Kabla ya siku ile ya stesheni, jambo lile lilikuwa limelala ndani yake kama sindano iliyopotea kwenye pindo, ukitulia huioni. Sasa kila alivyogeuka lilimchoma. Mama alikuwa amekufa miaka mingi, kule kule stesheni, hajapanda treni tena. Hakuwahi kulitaja. Alitoka stoo siku ile na kapu lake, akaenda nyumbani, akawasha moto. Jumapili baba akamwambia bibi amefariki. Na Mama Cherehani alikuwa amepiga hesabu ile mara elfu: treni ya Ijumaa ilifika kwa bibi Jumamosi asubuhi. Kama angefungua, mama angemkuta bibi hai.

Mwezi wa nne tangu uzinduzi, mdogo wake alikuja. Alikuja saa tano mchana, siku ya kazi, akasimama mlangoni mwa duka la ushonaji kama mteja asiye na miadi. Alikuwa amekonda. Chini ya kwapa alishika daftari kubwa la jalada gumu, kingo zimeliwa na mende.

"Karibu," alisema Mama Cherehani, mguu bado uko kwenye pedali.

Mdogo wake alikaa kwenye kibao cha wateja. "Mwongozaji ameacha kusema ile ya dakika moja," alianza. "Anawafikisha watu stoo, anafunga mdomo. Nikamuuliza. Akasema hawezi kusema nusu. Nikamkaripia. Halafu sikulala." Alilaza daftari juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha watu. "Hili ni daftari la telegramu. Kila telegramu iliyoingia iliandikwa humu, tarehe, saa, sahihi ya stesheni masta. Lilikuwa kabatini miaka yote. Nimelitafuta ili nikuonyeshe kwamba umekosea."

Alifungua palipowekwa uzi. Mwandiko wa baba ulikuwa mzuri, umelala upande kidogo. *Mama yako mgonjwa sana. Njoo.* Siku kumi na moja kabla ya Ijumaa ile.

"Hujakosea," alisema mdogo wake. Uso wake ulikuwa ukimshinda. "Nisamehe, Dada. Lakini tazama hii nyingine. Tazama tarehe."

Mstari wa pili ulikuwa mfupi zaidi. Alhamisi, saa kumi jioni. Bibi alikuwa amefariki Alhamisi, na baba alikuwa ameiandika, ameitia sahihi, amekaa nayo mpaka Jumapili.

"Unaona?" Mdogo wake alimshika mkono. "Ijumaa bibi hakuwepo tena. Hata ungefungua, mama asingemkuta. Hukumnyima kitu. Nimekuja mbio kukwambia. Hukumnyima kitu!"

Mama Cherehani alisoma mstari ule mara mbili. Alingoja kifua kifunguke. Alikuwa amebeba miaka hamsini na miwili ya Jumamosi ile, na sasa anaambiwa Jumamosi ile haikuwepo. Alidhani mtu akiambiwa hivyo angeinuka mwepesi.

"Angemzika," alisema. "Angewahi kumzika mama yake."

Mdogo wake akaachia mkono.

"Na hata kama asingewahi. Mimi sikujua, yeye hakujua. Aliniambia fungua, mimi nikasema baba amekataa. Hilo halimo humu kwenye daftari." Alilifunga taratibu, akaondoa vumbi lililobaki kwenye kitambaa. "Lakini asante kwa kuja. Kaa. Umekunywa chai?"

Alikaa. Wakanywa chai. Wakazungumza habari za mama, jambo ambalo hawakulifanya tangu mazishi: jinsi alivyojua majina ya magadi wote na ya wake zao, jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni na ungo mkononi mpaka moshi wa treni uishe. Mdogo wake alilia kidogo, akapenga kamasi, akasingizia vumbi la daftari. Kabla hajaondoka alisema kamati haitapenda, mjumbe mmoja ameshatishia kujitoa, lakini picha ya baba itabaki na stoo itapata kibao chake. "Nitakiandika mwenyewe," alisema. Dada yake alimwambia alete na zile suruali zirekebishwe, zinatia aibu.

Wiki mbili baadaye simu iliita duka likiwa limejaa sare za shule. Alikuwa mwongozaji.

"Mama, Mwenyekiti ameandika kibao. Amesema hakipigwi rangi mpaka ukisikie. Nisome?"

"Soma."

"'Katika chumba hiki, kwa bahati mbaya, mke wa stesheni masta alibaki ndani treni ilipoondoka, akakosa kwenda kwao kwenye msiba wa mama yake.'"

Mama Cherehani alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Toa bahati mbaya," alisema. "Na hakubaki. Andika alifungiwa. Na mumewe."

Alisikia kalamu ikikwaruza. "Alifungiwa na mumewe. Nimeandika. Kingine?"

"Andika kwamba ufunguo alikuwa nao binti yake."

Kalamu haikusikika. "Mama, hiyo si lazima. Hakuna anayejua ila mimi na Mwenyekiti."

"Andika."

Kalamu ilikwaruza, ikasimama. "Basi niweke na umri," alisema mwongozaji. "Binti yake wa miaka tisa."

Mteja mmoja alikuwa ameegemea meza, anangoja shati la mwanawe, anajifanya hasikii. Mama Cherehani aligeukia ukuta. Alitaka kusema hapana. Alimwona yule mtoto kwenye nguzo kama mama alivyomwona kutoka ndani: kamasi, mikono miwili imeshika chuma, anauweka ufunguo, anautoa. Alikuwa mdogo sana. Hata usawa wa kitasa alikuwa anaufikia kwa kuchuchumia.

"Mama? Niweke?"

"Weka," alisema, akakata simu, akamkunjia yule mteja shati la mwanawe.